Okito Haketi Nyangwe

Mimi nilikuwa mpishi, si dereva, na ninasema mapema kwamba barabara sikuzipenda. Jiko lina mahali pake. Barabara inakutoa jikoni, inakuweka juu ya masanduku nyuma ya kamionete, inakutikisa toka Kindu mpaka Kasongo, halafu mzungu anakuuliza kwa nini mchuzi una mchanga. Lakini miaka minne nilisafiri na Okito Florentin, na mtu akiniuliza leo ni nani niliyemjua vizuri pale Kindu nitamtaja yeye kwanza, ingawa alikuwa mtu wa kuchosha sana.

Okito alikuwa Mukusu wa upande wa Kibombo, mrefu, mwenye shingo nyembamba na kofia ya dereva aliyoipiga brashi hata siku za mvua. Tulifanya kazi kwa mzungu mmoja aliyekuwa na hoteli karibu na stesheni. Baada ya vita kuu ya pili mzungu huyo aligundua kwamba Wabelgiji wanaoshuka kwenye boti na kungoja treni siku tatu, siku nne, hawana la kufanya ila kunywa bia na kugombana. Basi akanunua kamionete, akaandika kwenye ubao kwa Kifaransa kwamba anawapeleka watu kuona miji ya kale ya Lualaba, akamweka Okito kwenye usukani na mimi kwenye masufuria. Siku ya kwanza Lokandu, kwenda na kurudi. Halafu Kibombo, kisha kuvuka mto kwenda Nyangwe, mwisho Kasongo. Kila mahali palikuwa na kitu cha kutazama, kaburi au kipande cha ukuta, na pasipokuwa na kitu palikuwa na hadithi.

Popote tuliposimama Okito hakutulia. Wageni wakitazama kaburi, yeye anafuta kioo. Kioo kikiisha, anapiga tairi kwa mguu. Mimi nimekaa kivulini namenya viazi, yeye ananizunguka mpaka kichwa kinaniuma. Lakini Nyangwe ilikuwa jambo jingine. Nyangwe magurudumu yakisimama tu, yeye yuko nje tayari, na tangu hapo mpaka tuondoke haketi popote, si kwenye kiti, si kwenye jiwe, si kwenye ngazi ya gari. Tuliwahi kulala pale usiku mmoja kwa sababu ya mvua, naye akasimama chini ya baraza mpaka asubuhi, ameegemea nguzo, akasinzia hivyo hivyo.

Sababu aliniambia mwaka wa pili. Bibi yake mzaa baba alikamatwa akiwa mtoto kule Lomami, wakati wa biashara ya watu, akaletwa kwa kamba mpaka soko la Nyangwe. Aliketi chini pale siku tatu akingoja wa kumnunua. Alikuwa na kikohozi, hakuna aliyemtaka, mwishoni mtu mmoja alinunua mbuzi wawili na yeye akaongezwa juu. Vita ya wazungu na Waarabu ilipopita, akarudi kwao kwa miguu. Kabla ya kufa aliwakusanya watoto na wajukuu akawaapisha: hakuna wa tumbo lake atakayeketi tena Nyangwe. Kupita wapite. Kuketi, hapana. Okito alikuwa na miaka kumi na miwili, alishika mkono wa bibi, akaapa.

Sasa sikiliza shida yenyewe. Okito alikuwa na binti mmoja, Adèle Mauwa, na Mauwa aliposwa na karani wa reli pale Kindu, kijana mtaratibu anayeitwa Assumani. Walipendana, si mchezo. Mambo ya dini, ambayo padri aliyapigia kelele, Okito aliyamaliza mwenyewe kwa kusema kwamba Mungu ana masikio mawili. Mahari ilikubaliwa. Lilibaki jambo moja la desturi, baba wa kijana na baba wa binti kuketi kwenye mkeka mmoja na kula kwenye sinia moja. Na baba wa kijana, mzee Feruzi, alikuwa na miguu iliyovimba, hawezi kusafiri. Alikaa wapi? Nyangwe, pembeni kabisa ya soko la zamani.

Mara ya kwanza Okito alipofika kwa mzee, sinia likaletwa, yeye akasimama mlangoni akasema wazungu wana haraka. Mara ya pili akasema hivyo hivyo. Watu wa Nyangwe si vipofu, waliwaona wazungu wenyewe wamelala chini ya mti na kofia usoni. Mzee Feruzi akatuma maneno Kindu kupitia mtu wa boti: mkwe anaona uwanja wangu ni mchafu, akija mara ya tatu na kuondoka bila kula, posa irudi, na kijana wangu atatafutiwa mke mwingine. Assumani alikuwa mtoto mwenye kumtii baba yake. Mauwa aliacha kula. Siku tulipoondoka kwa safari hiyo ya tatu, mwaka hamsini na tatu, alikuja mpaka kwenye kamionete, akamshika baba yake mkono kupitia dirishani, akamwambia maneno ambayo nilisikia kwa sababu nilikuwa napanga masufuria nyuma.

“Baba, usinirudishie tena haraka ya wazungu.”

Wageni wetu safari ile walikuwa bwana Louis, mwalimu mstaafu kutoka Ubelgiji, na mkewe madamu Geneviève. Madamu alikuwa mama mpole aliyechora kila kitu kwa penseli. Bwana Louis alikuwa na kitabu. Mungu anisamehe, sijawahi kuchukia kitabu namna ile. Lokandu alisimama juani akakisoma kwa sauti mbele ya kambi ya askari, kurasa nzima, tarehe na majina, na madamu akachora mtumbwi mmoja mpaka mvuvi mwenye mtumbwi akachoka kungoja akaondoka nao. Okito alikagua mafuta ya injini mara tatu. Kibombo bwana akataka kuona makaburi ya wale waliojenga reli, na yalipopatikana akataka kuona mengine. Nusu siku ikaenda pale. Kwenye ratiba Nyangwe ilikuwa na siku nzima, sasa ikabaki na saa chache tu, maana Kasongo tulikuwa tunangojwa jioni hiyo hiyo.

Pale Kibombo, Okito akiosha gari, nilimwambia hasira yangu wazi. Nilimwambia: baba Mauwa, mweleze mzee sababu, umalize. Ni neno moja tu.

“Nimwambie nini?” akasema. “Mukwe wangu, babu zako waliuzisha bibi yangu kama kuku? Halafu tunawe mikono, tukule? Njo maneno ya bukwe ile?”

Hata mimi niliona ni vigumu. Mzee Feruzi alivaa kanzu nyeupe na kofia ya darizi, alisali mara tano, na Kindu nzima tuliwaona watu wa Nyangwe namna moja, wote Wangwana, wote watoto wa wenye soko. Mtu hamtukani mkwe wake hata kwa jambo la kweli. Basi nikampa shauri la pili, la kijinga. Nikasema keti kidogo tu, matonge mawili matatu ya wali, usimame. Bibi yako amekufa zamani, nani atajua? Akaendelea kusugua tairi. Akasema yeye mwenyewe atajua. Halafu akasugua tairi ile ile tena, na mara ya tatu, mpaka nikamnyang'anya kitambaa.

Asubuhi yake aliendesha vibaya. Okito, ambaye hakuwahi kunivunjia hata kikombe, alilipiga shimo moja likanivunjia mayai thelathini. Nilimtukana kwa Kiluba, lugha ya mama yangu. Kwenye mto, baki, kivuko chetu, ilikuwa ng'ambo ya pili, ile mitumbwi iliyofungwa pamoja na kuwekewa mbao juu, na wapiga kasia walikuwa wanakula. Okito alitembea kwenye mchanga kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Madamu aliuliza kama dereva ni mgonjwa. Nikasema hapana, madamu, anamwoza binti yake. Akacheka, akadhani namtania.

Tulifika Nyangwe jua liko juu ya kichwa. Magurudumu yakasimama kando ya mto, Okito akatoka. Bwana Louis naye akatoka na kitabu na mashine yake ya picha, akatembea moja kwa moja mpaka uwanja wa soko la zamani, akaanza kusoma. Palikuwa na wanawake wachache wenye samaki wa moshi na muhogo, kivuli kidogo, mbuzi. Bwana alitazama huku na huku kama mtu aliyeuziwa tikiti ya uongo. Nafikiri alitegemea kuona zaidi. Halafu akapata wazo. Akamwita Okito, akamwonyesha mahali katikati ya uwanja, akamwambia kwa Kifaransa, kwa adabu kabisa, aketi chini pale, mikono juu ya magoti, kichwa chini. Kama watumwa walivyokuwa wakiketi. Kwa ajili ya picha.

Wale wanawake waliokuwa na samaki hawakujua Kifaransa, lakini kidole kinachoonyesha ardhi hakihitaji mkalimani. Wakaacha samaki, wakatazama. Okito alivua kofia yake.

“Hapana, bwana,” akasema.

Bwana Louis akadhani hakusikia, akarudia polepole. Okito akarudia lile lile, sauti ile ile. Lazima mjue siku zile zilikuwa siku gani. Mtu mweusi hakumwambia mzungu hapana mbele ya watu, halafu akaenda kula chakula chake cha mchana. Uso wa bwana ulibadilika rangi kuanzia shingoni. Akasema ataandika kwa mwenye hoteli. Madamu akasema, Louis, acha. Lakini bwana alikwisha fungua mashine, na mtu aliyefungua mashine yake lazima apige kitu. Akageuka, akaniona mimi.

Ninasema kama ilivyokuwa. Alinionyesha ardhi, na mimi nikaketi. Sikufikiri hata kidogo. Miguu yangu ilimtii kabla yangu. Mimi Godefroid Badibanga, mzaliwa wa Luluabourg, mwenye cheti cha ubatizo na watoto watano, niliketi kwenye vumbi la Nyangwe, nikaweka mikono juu ya magoti, nikainamisha kichwa. Mashine ikalia. Bwana akasema asante. Picha hiyo iko Ubelgiji mpaka leo, nafikiri, na chini yake pameandikwa mtumwa. Nilipoinuka sikuweza kumtazama Okito, wala yeye hakunitazama. Wanawake wale wakarudi kwenye samaki zao. Mmoja wao, mama mnene, alifunga nguo yake na kuondoka mbio kuelekea nyumba za pembeni.

Wageni walitaka kula chakula chao karibu na maji, kando ya gari, kuku baridi niliyemfunga tangu Kibombo. Walitupa saa moja. Okito akaniambia safari hii twende pamoja kwa mukwe, maana mtu haendi ukweni peke yake bila shahidi. Nilitamani kukataa kwa aibu, lakini nikaenda. Njiani alipiga hatua ndefu, akasimama, akapangusa viatu, akaenda tena. Nilijua anatafuta uongo mpya na hauoni.

Uwanja wa mzee Feruzi ulikuwa umefagiwa mpaka unang'aa. Yeye mwenyewe alikuwa ameketi kwenye mkeka chini ya baraza, miguu imenyooshwa mbele, mizito, imefunikwa kwa kitambaa. Sinia lilikuwa tayari. Nikaliangalia kwa jicho la kazi yangu: wali mweupe, punje moja moja, kuku wa mafuta ya mawese, na samaki mkubwa aliyewekwa mzima. Mtu aliyepika vile hakupika kwa ajili ya kugombana. Mama yule mnene wa sokoni alikuwa amesimama karibu na jiko. Kumbe ndiye mke wa mzee, na habari ya picha ilikwisha fika kabla yetu.

Mzee Feruzi aliitikia salamu, akauliza hali ya Mauwa, hali ya mama yake, hali ya barabara. Kisha akagonga mkeka kwa kiganja, akamkaribisha aketi. Okito akabaki amesimama. Nikaona midomo yake inatengeneza neno, na neno lenyewe nililijua, haraka, haraka ya wazungu, lilikuwa pale kwenye meno. Halikutoka. Mzee alingoja. Alingoja muda wa kutosha, simlaumu. Kisha akamgeukia mkewe, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa alifunike sinia na kuliondoa. Mama akainama kulichukua.

“Mama, ngoja,” Okito akasema. Na akaanza kusema, haraka haraka, macho yake kwenye ule samaki. “Mukwe wangu, uwanja yako haina uchafu. Maneno njo ya bibi yangu. Walimuleta hapa na kamba, mutoto mudogo. Aliikala chini pale sokoni siku tatu. Walimutoa na mbuzi mbili. Alituapisha siye wote, muntu wa tumbo yake haikale chini Nyangwe tena. Siwezi kukuambia ile maneno, kwa sababu wewe ni mukwe, na babu zako...” Hapo akakwama.

Mama alikuwa bado ameinama, mikono kwenye sinia. Mimi nilitazama miguu yangu, kwenye suruali kulikuwa bado na vumbi. Nikafikiri, basi, imekwisha, Mauwa maskini.

Mzee Feruzi hakukasirika. Alimtazama Okito sana, kisha akauliza ni upande gani wa soko walimuweka bibi yake. Okito akasema hajui. Mzee akasema wale wa kutoka Lomami waliwekwa upande wa mto, mama yake alimwonyesha.

“Mama yako?” Okito akauliza.

“Mama yangu,” mzee akasema. “Alikuwa na muguu mubaya, alichechemea. Aliikala soko ile mwezi muzima, hakuna muntu alimununua. Kisha vita ikakuja, wenye soko wakakimbia, soko likakufa, ye akabaki pale pale chini. Hakujua kwabo njo wapi. Akajenga hapa.” Akagonga mkeka tena, lakini safari hii bila kukaribisha, kama mtu anayegonga kitu chake. “Bibi yako walimununua, mukwe, akaondoka, akarudia kwabo, njo unaweza kusimama. Siye watoto wa yule hakununuliwa, tutaikala chini wapi?”

Mama aliacha sinia likabaki chini. Okito alivua viatu vyake, kimoja, kisha kingine, akavipanga vizuri pembeni ya mkeka, akavipanga upya. Nilimwona ananyoosha mkono kutafuta ardhi, namna wazee wanavyofanya, na yeye hakuwa mzee. Magoti yakakunjika. Akaketi. Alitoa sauti ndogo, na machozi yakaanza kumtoka bila yeye kuyafuta. Mzee Feruzi hakusema pole, wala hakutazama kando. Alimmiminia maji mikononi kutoka kwenye birika, akamega mgongo wa samaki, ile sehemu nzuri, akausogeza upande wa Okito.

Okito alikuwa ameshika tonge la kwanza honi ilipolia kule mtoni. Saa moja ilikuwa haijaisha, ninaapa, ilikuwa dakika ishirini tu, lakini bwana Louis alikwisha shiba. Honi ikalia tena, ndefu. Nikamwona Okito mgongo unanyooka, mguu mmoja unajikusanya chini yake kama ilivyozoea miaka yote. Mama alishika kifua. Hata mimi nilijikuta nimekwisha geuka kwenda mlangoni.

Mguu ule ukakaa pale, nusu ya kuinuka. Kisha akaunyoosha kwenye mkeka karibu na miguu iliyovimba ya mzee, akalitia tonge kinywani, akatafuna, akameza.

“Godefroid,” akasema, bila kuniangalia, “mwambie bwana miye niko nakula kwa mukwe wangu. Nikimaliza, nitakuja.”

Nilipangusa vumbi kwenye suruali yangu, mbele na nyuma, nikaenda kumwambia. Bwana Louis aliuliza mara mbili kama nimesema angoje. Nikasema ndiyo, bwana, angoje.